Akili bandia redioni: anzieni kwenye kabati la kanda

Kituo cha redio cha siku nyingi hapa Lubumbashi kikiniuliza kianzie wapi na akili bandia, ninaonyesha kabati la kanda. Programu za kutunga habari zingoje. Kila mwenye simu anazo, na habari zake zinafanana kama mapacha. Sauti za mikutano ya wafanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini, mnazo ninyi, ila hakuna anayejua ziko dakika ya ngapi ya kanda ipi.

Kuzihamisha kwenye kompyuta hakuna njia ya mkato: kanda ya dakika 60 inakula dakika 60. Nakala kuu, ile ya ubora wa juu, iwe ya kHz 48, biti 24. Kutoka hiyo toeni nakala nyepesi ya kugeuzwa maandishi: kHz 16, mono, biti 16, kama megabaiti 115 kwa saa. Whisper, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, hufanya kazi kwenye kompyuta yenu bila intaneti. Modeli yake kubwa inataka kadi ya picha yenye kumbukumbu ya gigabaiti 10 hivi. Ile ndogo inatosheka na 2, lakini kwa Kiswahili chetu kilichochanganyika, muda mliookoa utaishia kwenye kusahihisha. Kateni sauti vipande vya dakika 10, ili umeme ukikatika mpoteze kipande kimoja, kazi ya usiku mzima ibaki.

Makosa sasa. Whisper ikiachwa ichague lugha yenyewe, hupima sekunde 30 za mwanzo tu. Kipindi kikifunguliwa kwa Kifaransa, Kiswahili chote kinachofuata huandikwa kama Kifaransa, tena Kifaransa laini, chenye maneno ambayo hakuna aliyeyasema. Wekeni lugha kwa mkono, na jurnali (taarifa ya habari) ya Kifaransa ikatwe kando. Penye ukimya au muziki hubuni sentensi, au hurudia moja mara kumi. Washeni kichujio cha ukimya, na zimeni mpangilio unaoifanya iegemee maandishi yaliyotangulia.

Hayo yanaonekana haraka. Ninayoyaogopa ni makosa yanayosomeka vizuri. Mama anasema "wakaaji wa Kenya hawana maji", na programu ya muhtasari inahamisha shida yake hadi nchi ya Kenya, wakati Kenya yake ni komini, yaani wilaya, ya hapa mjini. "Gavana wa Shaba" wa kanda ya miaka ya 1980 anatafsiriwa kuwa gavana wa madini ya shaba, kwa kuwa mashine haina habari kwamba mkoa wa Katanga uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Na mtu akisema "dola septante" (sabini) katikati ya Kiswahili, msishangae kukuta "Septemba".

Kwa hiyo kabla ya kanda ya kwanza, tengenezeni jedwali la majina lenye safu nne: jina linavyotamkwa, ni kitu gani, miaka lilipotumika, jina la leo. Élisabethville ni Lubumbashi ya kabla ya 1966. Kolwezi ya 2010 iko Katanga; baada ya mgawanyo wa mikoa wa 2015 iko Lualaba. Ndani ya maandishi acheni jina kama lilivyosemwa, la leo liandikwe pembeni kama lebo, la sivyo mtakuwa mmemtia mzungumzaji maneno mdomoni. Whisper hupokea orodha fupi ya majina mwanzoni, lakini msiitegemee: inasaidia zaidi sekunde za kwanza za faili, halafu nguvu yake inafifia. Jedwali hili analiweza fundi wa sauti aliyestaafu kuliko kijana wa kompyuta. Mlipeni, asiitwe kuja "kusaidia".

Kila mstari ubaki na saa yake, dakika na sekunde, ili mhariri abonyeze na kusikia. Jina la mtu, hesabu ya pesa na tuhuma visirushwe hewani kabla ya mtu kuvisikiliza kwenye nakala kuu, hata kama maandishi yamenyooka. Kanda yenyewe irudi kabatini, na namba yake iwe ndiyo jina la faili.