Ella Alisahau Maneno, Besi Haikusahau: Dhana Potofu Kuhusu Mwimbaji wa Jazz Jukwaani

Nikishuka jukwaani hakosi mtu wa kuniuliza: "Dada, pale katikati ulikuwa unatunga, au ulisahau maneno?" Huwa nacheka tu, maana jibu lake ni refu.

"Jazz haina kanuni, kila mtu anapiga anavyojisikia"

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na dawa yake ni usiku mmoja ambao waimbaji wa jazz tunausimulia hadi leo: tarehe 13 Februari 1960, ukumbi wa Deutschlandhalle, Berlin Magharibi, mbele ya watu wapatao 12,000. Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazz wa Marekani, ana wanaume wanne tu nyuma yake: Paul Smith kwenye piano, Jim Hall kwenye gitaa, Wilfred Middlebrooks kwenye besi, Gus Johnson kwenye drams. Anautambulisha "Mack the Knife", na kabla hajaanza anawaambia watu kwamba anaomba ayakumbuke maneno yote.

Hakuyakumbuka. Wimbo ukiwa umekolea, beti zikamponyoka. Wengi wetu hapo tungerudia ubeti wa kwanza tukijifanya hakuna kilichotokea. Ella akageuza kule kusahau kuwa ndiyo wimbo: akawataja waimbaji Bobby Darin na Louis Armstrong waliomtangulia kuurekodi, akajitania kwamba anauharibu, kisha akaiga ile sauti ya Armstrong yenye mikwaruzo. Kwenye rekodi unausikia ukumbi ukilipuka.

Sasa sikiliza mara ya pili, lakini safari hii mwache Ella, mfuate Middlebrooks. Besi haitetereki hata kidogo. Wimbo ule ni mzunguko wa mapigo 64 unaojirudia tangu mwanzo hadi mwisho, na kila mzunguko mpya ukifunguka, Ella keshafika mlangoni. Mistari ya kubuni inatua palepale ilipopaswa kutua ya kweli. Mtu asiye na kanuni kichwani angepotea ndani ya sekunde kumi.

"Ukisahau maneno umefeli"

Rekodi ya usiku ule ilitoka na kosa lake ndani, hakuna aliyelikata. Mwaka 1961 ikampatia Ella tuzo mbili za Grammy, moja kwa wimbo huohuo, nyingine kwa albamu.

"Zile 'shubi-dubi' ni za kujazia tu"

Zinaitwa skati: kuimba kwa silabi zisizo na maana, kazi ya tarumbeta inayofanywa na koo. Korodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, zikibadilika chini yako, nawe ubadilike nazo, na ukiteleza huna maneno ya kujificha nyuma yake. Mimi naiogopa kuliko wimbo wowote wenye beti sita. Wapo pia wanaosema Armstrong aliivumbua mwaka 1926 alipokuwa akirekodi "Heebie Jeebies", eti karatasi ya maneno ilimdondoka. Hadithi tamu, ila Don Redman alikuwa ameshaimba hivyo kwenye rekodi ya bendi ya Fletcher Henderson mwaka 1924. Armstrong aliieneza, na hilo peke yake si jambo dogo.

"Bila shaka mmefanya mazoezi wiki nzima"

Laiti! Mara nyingi mpiga piano namjua jina saa moja kabla ya onyesho. Ufunguo wa wimbo tunaelewana kwa vidole: vikielekea juu ni idadi ya shapu (noti zilizopandishwa), chini ni idadi ya flati (zilizoshushwa), kwa hiyo vitatu chini, yaani flati tatu, ni ufunguo wa E-flati. Nikiinua vidole vinne, mimi na mpiga drams tunapokezana vipande vinne vya mapigo manne-manne, yaani mapigo 16 kwa 16. Nikijigusa kichwani, turudi kwenye wimbo wenyewe.

Kuhesabu ili bendi ianze ndiko kulikowahi kuniumbua. Katika hoteli moja hapa Dar nilihesabu "moja, mbili, tatu, nne" kwa kasi ya moyo wangu, ambao usiku ule ulikuwa ukikimbia. Wimbo wa kubembeleza ukatoka kama sebene. Bendi haikupunguza mwendo, na haikupaswa: mwenye kuhesabu ndiye mwenye mwendo. Niliimba dakika tatu nikiiba pumzi katikati ya maneno. Watu wakashangilia, wakidhani ndivyo ulivyopangwa. (Mpiga besi hakushangilia.)

"Jazz tumeijua zamani: Morogoro Jazz, Western Jazz, Jamhuri Jazz"

Jina, ndiyo. Muziki wenyewe ulikuwa dansi, uliojifunza mengi kutoka rumba ya Kongo na santuri za Cuba. Siubezi, gitaa la Mbaraka Mwinshehe pale Morogoro Jazz hadi leo linanisimamisha barabarani. Lakini utaratibu wa jukwaani ni mwingine. Kwenye dansi mwimbaji anamaliza beti na kibwagizo, wimbo unachemka, watu wanaingia kati kucheza. Kwenye jazz watu wamekaa, wapigaji wanapokea solo mmoja baada ya mwingine, na kila solo ikiisha hadhira inapiga makofi wimbo ukiwa bado unaendelea. Mimi wakati huo nasogea pembeni, nahesabu mizunguko kimoyomoyo nisije nikachelewa kurudi.

Nilikuwa nahesabu hivyo, besi ikiwa katikati ya solo yake, mzee mmoja alipopanda jukwaani taratibu na kunibandika noti ya elfu kumi kwenye paji la uso. Nikampungia mkono wa shukrani, nikaibandua, nikaenda kuichomeka kwenye nyuzi za besi. Nilipogeuka, sikujua tena tuko mzunguko wa ngapi.