Denda, mate na maneno ya mtaani: ukweli uko wapi?

Watu kibao bado wanaamini kupiga denda ni mambo ya Wazungu tumeletewa na muvi. Hapana jamani. Busu la mdomoni limeandikwa kwenye vibao vya udongo vya Mesopotamia, huko iliko Iraki na Syria leo, yapata miaka 4,500 iliyopita. Na sokwe wakishagombana huwa wanapatana kwa kubusiana mdomoni, bonobo wa Kongo ndo wanaingiza mpaka ulimi.

Ila na wale wanaosema kila binadamu anapiga denda nao wanakosea. Mwaka 2015 mtafiti wa tamaduni za watu William Jankowiak na wenzake walipitia jamii 168, busu la kimapenzi la mdomoni wakalikuta kwenye 77 tu. Kwa hiyo bibi akikwambia enzi zao haya mambo hayakuwepo usimwone mshamba, inawezekana kabisa anasema kweli, na walipendana na wakazaa vizuri tu.

Sasa kwa nini tunabusiana? Midomo ina mishipa ya fahamu mingi mno, halafu pua inakuwa pale pale, unapata harufu ya ngozi ya mtu, pumzi yake, ladha ya mate yake, na wanasayansi wengi wanaona hiyo ni njia ya mwili kumpima mwenza. Ndo maana mnaweza kuchat miezi na miezi mapenzi moto moto, busu la kwanza tu stimu zikakata.

Lingine linaloniuma ni hili la denda kuleta UKIMWI. Mate hayaambukizi VVU, labda wote wawili muwe na vidonda au fizi zinazotoka damu, na hata hapo ni nadra mno. Watu wametengwa na wapenzi wao, hata na ndugu zao, kwa uongo huu. Mimba nayo haiingii kwa busu, hilo halina mjadala.

Kinachoambukiza kweli ndo hatukiogopi. Vile vijipele vya maji vinavyotoka pembeni ya mdomo tunasema "homa imemtoka", basi tunaona yameisha. Vile ni kirusi cha herpes, homa inakiamsha tu, na kinahama kwa busu. Mtu mzima atasumbuka siku kadhaa kitapoa, lakini kichanga hasa wa chini ya mwezi mmoja kinaweza kumfika kwenye ubongo na ini na kumuua. Na sisi mtoto akizaliwa kila mgeni anataka kumbusu! Shangazi ana kidonda mdomoni, mama mzazi anaona aibu kumkataza. Mkatazeni, na hata asiye na kidonda mwambieni asimbusu mdomoni wala usoni. Mtoto akigoma kunyonya, akalegea au akachemka, kimbieni hospitali usiku huo huo na mumwambie daktari kama kuna mwenye kidonda alimbusu, maana dawa ipo ila inatakiwa ianze mapema.