Refa hana kadi ya shabiki

Ukitaka kujua tusivyoijua kazi ya refa, nenda mechi ya mchangani. Uzio hakuna, mashabiki wamekanyaga chaki, mshika kibendera anapigana vikumbo nao kila anapokimbia. Vurugu zikianza, kila mtu anatoa sheria yake kichwani, na nyingi hazimo kwenye kitabu chochote.

Dhana: Shabiki akizidi matusi, refa amlambe nyekundu.

Kadi huonyeshwa wachezaji, wale wa akiba, waliokwisha kubadilishwa na, tangu 2019, viongozi wa benchi la ufundi. Shabiki hayumo. Refa anayekwenda jukwaani na kadi mkononi anajivunjia heshima tu, na pengine anarahisisha kupigwa. Kumwondoa mtu uwanjani ni kazi ya polisi, walinzi na mwenyeji wa mchezo. Kwenye ligi refa huwafikia kupitia mwamuzi wa akiba na kamisaa. Mchangani humwita nahodha na kiongozi wa timu mwenyeji, akawaambia wazi: yule akibaki pale, mpira hauendelei. Kauli hiyo ina meno, kwa sababu Sheria ya 5 ya mpira wa miguu, inayomhusu refa, inamruhusu kusimamisha mchezo, kuusitisha kwa muda au kuuvunja kabisa.

Dhana: Basi kama hana kadi, azibe masikio.

Nusu ya hii ni kweli. Kuzomewa, kuulizwa umekula shilingi ngapi, hayo ni ya kuyaacha yapite. Kumjibu shabiki mmoja ni kuwaalika wengine hamsini. Ila chupa zikirushwa, mtu akiingia uwanjani au ubaguzi ukianza, kunyamaza ni kosa.

Kwa ubaguzi kuna hatua tatu: kusimamisha mchezo na kutangazia uwanja, kuzipeleka timu vyumbani kwa muda, kuuvunja. Tarehe 14 Oktoba 2019 jijini Sofia, Bulgaria ikicheza na Uingereza, refa Ivan Bebek wa Kroatia alisimamisha mchezo mara mbili kipindi cha kwanza kwa sababu ya kelele za kibaguzi. Tangazo lilitolewa, lakini timu hazikupelekwa vyumbani na mechi iliisha 6-0 kwa wageni. Kwa maoni yangu, hatua ya pili ilistahili siku ile. Hatua zimepangwa ili zipandwe, si ile ya kwanza irudiwe.

Dhana: Kinachotoka jukwaani ni bahati ya mchezo, mpira uendelee.

Hapa ndipo hata waamuzi wakubwa hukwama. Oktoba 2009, Sunderland ikiwa nyumbani dhidi ya Liverpool, shuti la Darren Bent wa Sunderland liligonga puto kubwa la ufukweni lililotupwa uwanjani na shabiki wa Liverpool, likampoteza kipa na kuingia wavuni. Refa Mike Jones akakubali goli, na mechi ikaisha 1-0. Kwa sheria ya wakati huo alipaswa kusimamisha mchezo na kuuanzisha upya kwa kudondosha mpira.

Sisi puto hatuna, tuna filimbi. Mtu nyuma ya goli anapuliza yake, beki anadhani ni ya refa, anaudaka mpira ndani ya boksi, na upande wa pili wanadai penalti. Si penalti. Sheria inaitaja filimbi ya mtazamaji moja kwa moja: ikivuruga mchezo, refa anasimamisha na kudondosha mpira, na kama ulikuwa ndani ya boksi, anadondoshewa kipa wa timu inayolinda. Isipovuruga, mchezo unaendelea.

Dhana: Wachezaji na makocha hawahusiki na fujo za jukwaani.

Mara nyingi wao ndio wanaomwaga petroli. Mfungaji anayewafanyia mashabiki wapinzani ishara za kuwakejeli au kuwachochea anastahili njano, vivyo hivyo anayepanda uzio kushangilia. Kocha anayetoka makusudi kwenye eneo lake ili kuchochea anastahili nyekundu. Kwenye benchi, kadi mapema huzima mengi ambayo polisi wangeyakuta yamekwisha kuwaka.

Dhana: Mashabiki wakivunja mchezo, refa atoe pointi tatu.

Hagawi pointi. Mchezo uliovunjika hurudiwa, isipokuwa kanuni za mashindano au waandaaji waamue vinginevyo. Adhabu nazo zinatoka kwingine kabisa. Mei 2023 mechi ya Valencia na Real Madrid ilisimama kwa sababu ya ubaguzi dhidi ya Vinícius Júnior, mchezaji wa Real Madrid; Juni 2024 watu watatu walihukumiwa kifungo cha miezi minane, na aliyewahukumu ni mahakama ya Hispania.

Silaha ya refa baada ya kipyenga cha mwisho ni ripoti, na wengi huiandika kivivu. “Mashabiki walifanya fujo” haimsaidii mtu. Klabu itakana na kamati haitakuwa na pa kushika. Andika dakika, chupa ilitoka upande gani, ilimpata nani na wapi mwilini, maneno yenyewe yalivyotamkwa hata kama ni machafu, mchezo ulisimama muda gani, na ni kiongozi yupi uliyemwita, akaja au hakuja.