Chora Nukta Kwanza, Ndipo Uandike r

Miezi ya karibuni kitengo chetu cha takwimu kimepokea malalamiko mengi ya wanafunzi na waandishi wa ripoti ambao kazi zao zimerudishwa. Wengi wanauliza jambo moja: "r yangu ni 0.9, mmeikataaje?" Ni haki yao kuuliza, nami nawajibu nikiamini kila mmoja alipiga hesabu kwa nia njema.

Kipimo cha uhusiano, kile tunachokiandika r, kilipewa fomula yake na mtakwimu Karl Pearson mwaka 1896, akiendeleza kazi ya mwanasayansi Francis Galton. Kinapima jambo moja tu: nukta za vigeu viwili vya namba (yaani mambo mawili yanayopimwa, mfano urefu na uzito) zimeukaribia mstari mnyoofu kwa kiasi gani. Kinaanzia -1 hadi +1. Alama ya kutoa inaonyesha mwelekeo, haionyeshi udhaifu, -0.8 ina nguvu kuliko 0.6. Nasikitika kwamba hili bado linahitaji kusemwa.

Kazi ikifika mezani hatuanzi na r. Tunaanza na mchoro wa mtawanyiko: kigeu kimoja kwenye mhimili mlalo, cha pili kwenye mhimili wima, kila jozi na nukta yake. Kazi isiyo na mchoro hurudishwa siku hiyohiyo, hata kama r imekokotolewa hadi desimali nne. Mchoro ukiwepo, wakaguzi wawili huutazama kila mmoja peke yake, kisha hulinganisha walichokiona: nukta zinapanda au zinashuka, zimenyooka au zimepinda, ipo iliyojitenga? Hapo ndipo r husomwa. Kazi inayorudishwa mara ya pili kwa kosa lilelile hupanga foleni upya.

Wapo wanaoona huu ni usumbufu. Basi chukua karatasi, uchore nukta nne: (1,1), (1,2), (2,1) na (2,2). Ni pembe za mraba, na r yake ni 0. Sasa ongeza nukta moja tu, (10,10). r inaruka hadi 0.98! Zile nne hazijasogea hata kidogo. Namba yote imebebwa na hiyo moja iliyokaa mbali. Pengine aliyenakili aliandika 10 mahali pa 1, pengine ni kipimo halali kabisa. Hatuagizi ifutwe. Tunamtaka mwandishi arudi kwenye fomu ya awali, athibitishe, kisha atoe r mbili: yenye nukta hiyo na isiyo nayo.

Kosa la upande wa pili ni la kimyakimya zaidi. Weka x kuanzia -3 hadi 3 kwa namba nzima, y iwe kipeo cha pili cha x. Ukiijua x unaijua y bila kukosea, lakini r ni 0. Anayeandika "hakuna uhusiano" hapo amepotosha wasomaji. Angeandika "hakuna uhusiano wa mstari mnyoofu". Mtakwimu Francis Anscombe alilionyesha tatizo hili mwaka 1973 kwa mafungu manne ya data, kila moja likiwa na jozi 11 na r ya karibu 0.82. Ukiyachora, moja limetawanyika kawaida, la pili limepinda, na mawili yaliyobaki kila moja limevurugwa na nukta moja.

Halafu kuna neno "inasababisha". Hili, kusema kweli, limetuchosha. Vigeu viwili vinavyokua mwaka hadi mwaka huweza kutoa r kubwa hata kama havigusani popote. Mtakwimu Udny Yule alilieleza jambo hili mwaka 1926, na bado tunaletewa michoro ya namna hiyo ikiitwa ushahidi. Data zilizokusanywa kwa kutazama tu, bila jaribio, zinakuruhusu kuandika "vinaambatana". Ukitaka kusema zaidi, leta ushahidi mwingine.

Mwisho ni idadi ya jozi. Ukiwa na jozi 5 tu, r ya 0.8 haifiki kizingiti cha kawaida cha asilimia 5 (kile ambacho bahati tupu hukivuka mara 5 tu kati ya 100), ambacho kwa jozi 5 ni 0.878. Ukiwa na jozi 100, kizingiti hicho hushuka, hata 0.2 inakivuka. Kwa hiyo idadi huandikwa pembeni ya r kila mara, na kazi isiyoitaja haipokelewi kaunta.