Kwa nini mgonjwa hugeuzwa wakati wa kolonoskopi

Mlalo wa mgonjwa ni namna mwili unavyowekwa kitandani wakati wa kolonoskopi, yaani kipimo ambacho daktari hupitisha kamera kwenye utumbo mpana: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia, mara chache kifudifudi. Hapa Tabora mtu akipewa rufaa ya kolonoskopi, huuliza zaidi habari za kufunga kula na dawa ya kuharisha. Kulala na kugeuzwa hakuzungumzwi, na wengine wakiambiwa "geuka" katikati ya kipimo hudhani kuna jambo limeharibika. Halijaharibika. Kugeuzwa ni sehemu ya kipimo.

Kwa kawaida unaanza kwa ubavu wa kushoto, magoti yakiwa yamevutwa kuelekea kifuani na mgongo ukiwa upande wa daktari. Najua wazee wetu wanaona aibu, lakini shuka lipo, na panapoachwa wazi ni padogo tu. Mlalo huo unairahisishia kamera njia. Tena kama umechomwa dawa ya kulegeza, hata ukitapika, si rahisi matapishi kuingia mapafuni.

Utumbo mpana una urefu wa kama mita 1.5. Unaanzia chini kulia, karibu na kidole tumbo, unapanda hadi kwenye ini, unakatiza tumbo kwenda kwenye wengu, kisha unashuka kushoto hadi kwenye puru, yaani mwisho wa utumbo karibu na njia ya haja kubwa. Kamera inapita njia hiyo kinyumenyume. Kabla tu ya puru kuna kipande kinachoitwa sigmoidi, ambacho hakijashikizwa mwilini kwa nguvu. Mrija wenye kamera ukisukumwa hapo hujikunja kitanzi, utumbo unavutika, na maumivu mengi ya kipimo hutoka hapo. Daktari atarudisha mrija nyuma kidogo aunyooshe, nesi atakandamiza tumbo kwa kiganja, au utaambiwa, "Mama, lala chali taratibu." Mara nyingi kugeuka huko tu kunafungua kona iliyokuwa imebana.

Ila uchunguzi wenyewe hasa hufanyika kamera ikiwa inatoka. Daktari makini huitoa polepole, kwa dakika 6 au zaidi, akitafuta vinyama vidogo ambavyo baadhi yake huweza kugeuka saratani vikiachwa. Hapo mlalo una uzito mkubwa. Chukua dumu lenye maji nusu ulilaze: popote utakapoligeuzia, maji yanashuka na hewa inapanda. Utumbo nao ni hivyo hivyo. Sehemu iliyo juu hujaa hewa na kutanuka, ikaonekana vizuri. Iliyo chini hunywea, mikunjo yake inakutana, maji yanatuama, na kinyama kinaweza kujificha humo. Kwa hiyo upande wa kulia wa utumbo, hadi kwenye kona ya ini, hutazamwa ukiwa umelalia kushoto. Sehemu inayokatiza tumbo hutazamwa ukiwa chali. Kuanzia kona ya wengu kushuka, unalalia kulia.

Si madaktari wote hufuata mpangilio huo hatua kwa hatua. Wengine humgeuza mgonjwa pale tu wasipoona vizuri, na aliyelala fofofo kwa dawa ni mzito kugeuza. Wala kugeuzwa hakufuti uchafu. Mbegu za mapera au maganda ya karanga uliyokula siku moja kabla yatabaki yakiziba kamera hata ugeuzwe mara ngapi. Siku ya kujisafisha, chai ya rangi yenye asali yetu ya Tabora kwa kawaida inaruhusiwa; ya maziwa hapana.

Sema mapema kama nyonga, goti au mgongo hauruhusu kugeuka, jambo la kawaida kwa wakulima wetu wa tumbaku waliozeeka wakiinama shambani. Sema pia kama ukilala chali pumzi inakubana. Mjamzito naye asinyamaze: mimba ikishakua, kulala chali kunakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, hivyo huachwa ubavu wa kushoto. Na kama unampeleka bibi anayesikia Kinyamwezi vizuri kuliko Kiswahili, mweleze milalo yote mitatu nyumbani, halafu mwambie nesi, kwa sababu amri ya kugeuka humfikia akiwa tayari na usingizi wa dawa.