Babu Yako Hakujenga Daraja Peke Yake

Nimeletewa tena picha ya pembe ya ramani ya zamani. "Mhandisi, huyu ni marehemu babu, sikuwahi kumwona. Ndiye aliyebuni daraja hili, angalia sahihi yake."

Jamani! Kile kisanduku cha chini kulia kwa kawaida kina nafasi tatu: aliyechora, aliyekagua, aliyeidhinisha. Aliyeidhinisha mara nyingi ni mkubwa wa ofisi, na huenda hakukokotoa hata mhimili mmoja. Aliyechora huenda alikuwa na mkono mzuri tu, hesabu si zake. Nikisema babu ni "aliyekagua", watu hununa, kana kwamba nimemshusha cheo. Kukagua ni kuzipitia hesabu za mwenzako ukitafuta pa kuzivunja. Nondo zikikaa upande usiobeba mvutano, zege likapasuka, ataulizwa yeye pia. Mimi huyo ndiye ninayemvulia kofia.

Na msiniambie mnamtambua kwa mwandiko. Herufi za ramani zilikuwa za kufundishwa, wakati mwingine za kufuatisha kibao chenye matundu ya herufi, makusudi ili kazi ya watu wengi ionekane ya mtu mmoja.

Ile karatasi ya buluu yenye mistari myeupe, ambayo wengi mnaiita ramani, ni nakala tu. Usiitundike ukutani, mwanga huifubaza. Ramani asilia ilichorwa kwa wino juu ya kitambaa au karatasi angavu. Ukibahatika kuipata, iinue kwenye mwanga utafute palipokwanguliwa kwa wembe: hapo kuna mtu aliyebadili mawazo. Soma pia safu ya marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko ya ramani yaliyopewa herufi A, B, C, pamoja na sababu zake.

Ila ukitaka kumjua babu mwenyewe, tafuta daftari la hesabu. Kabla ya vikokotoo vya kisayansi vya mkononi, HP-35 ya mwaka 1972 na vilivyofuata, wahandisi walitumia rula ya hesabu, ile yenye ulimi unaoteleza. Rula hiyo hukupa tarakimu tatu hivi na haikuonyeshi nukta: 2.46, 24.6 na 246 husomeka mahali pamoja. Nukta unaiweka mwenyewe, kwa hiyo lazima ujue jibu linaelekea wapi kabla hujalisoma. Ukikuta pembeni pameandikwa "kama 250", kisha chini yake 246, hapo unamwona akifikiri.

Hata hivyo, daftari nalo lina siri zake. Ninalo la babu yangu, aliyefariki kabla sijazaliwa. Ukurasa mmoja ameuzidisha mzigo kwa kipimo cha usalama, namba ya kuukuza mzigo ili kujihadhari, na mistari michache chini akauzidisha tena. Hakuandika sababu. Wenzangu wanasema alisahau kwamba ameshazidisha. Huenda. Lakini mara ya pili ameipigia mstari, na sijawahi kuona mtu akipigia mstari jambo alilolisahau. Nimeirudia hesabu yote: hata bila zidisho la pili, mhimili ule ulitosha.