Vidole vilivyojikunja viacheni: dhana potofu kuhusu mikono baada ya kuumia shingo

"Vidole vimejikunja, vinyoosheni visije vikakakamaa."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana hufanywa kwa mapenzi. Kijana ameanguka na bodaboda au kutoka juu ya mwembe, shingo imevunjika, sasa karudi nyumbani. Jioni mama anakaa kando ya kitanda, anampaka mafuta, anakikunja kifundo cha mkono kwa nyuma na kuvinyoosha vidole vyote hadi viwe bapa. Kumbe anamharibia mshiko.

Jaribu kwa mkono wako. Egemeza kiwiko mezani, acha kiganja kining'inie, kisha inua kifundo taratibu bila kukaza vidole. Vinajikunja vyenyewe, na gumba linakisogelea kidole cha shahada. Kano zinazokunja vidole hupita kwenye kifundo, kwa hiyo kikiinuka zinavutika. Neva za shingo huhesabiwa kutoka juu kwenda chini; mtu ambaye zake zinafanya kazi hadi ya sita tu hawezi kukunja vidole, ila kifundo anakiinua. Kano zikiwa zimekaza kidogo, kwa njia hiyo atashika mswaki au kipande cha mkate. Zikishalegezwa, atainua kifundo na vidole vitabaki wazi.

Basi unapovinyoosha vidole, kifundo kiiname. Kifundo kikiinuka, viache vijikunje. Na akijiegemeza kitandani, asivitandaze.

"Aliyeumia shingo, mazoezi ni yale yale."

Aliyeishia neva ya tano anakunja kiwiko, lakini kifundo kinalala. Huyo anahitaji kifaa cha kukishikilia, na mkanda wa kiganjani wa kuchomeka kijiko. Mwenye ya saba ananyoosha kiwiko, hivyo anaweza kujiinua kuhamia kwenye kiti cha magurudumu. Mwenye ya nane anakunja vidole mwenyewe, na hayo niliyosema kuhusu kano hayamhusu. Hata mkono wa kulia na wa kushoto wa mtu mmoja hutofautiana, ndiyo maana mtaalamu hupima msuli mmoja mmoja kabla ya kupanga zoezi lolote.

"Kukandwa kunatosha."

Hakutoshi. Mkono hujifunza kwa kufanya: kuinua kikombe, kubonyeza simu, kumega tonge, mara nyingi kila siku. Na maji ya moto muyaache kabisa. Ngozi isiyohisi huungua mwenyewe hana habari.

"Shida kubwa ni miguu."

Ndugu huuliza atatembea lini. Mwaka 2004 huko Marekani walipoulizwa wenyewe waliopooza mikono na miguu, karibu nusu walisema wangependa kwanza mikono irudi.

"Mwaka ukipita, basi tena."

Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo ya watu 60 waliofanya mazoezi ya mikono huku wakipitishiwa umeme kwenye ngozi ya shingo, bila upasuaji. Asilimia 72 walipata nafuu ya nguvu na ya matumizi ya mkono, na miongoni mwa washiriki alikuwamo aliyeumia miaka 34 nyuma. Mashine hiyo ilipata kibali Marekani mwishoni mwa mwaka huohuo.

Upasuaji nao upo. Sehemu ya nyuma ya msuli wa bega huunganishwa na ule wa kunyoosha kiwiko, na hilo linawezekana hata miaka mingi baada ya ajali. Kuhamisha neva, yaani kuunganisha neva nzima na ile iliyopoteza kazi, ni jambo jingine: mara nyingi madaktari hutaka lifanyike ndani ya mwaka wa kwanza, kwa hiyo liulizeni mapema, mgonjwa angali wodini.